Stempu Anatafuta Karafuu

Kaa, Stempu.
Anakaa. Mkia unafagia vumbi la Nkuhungu
kushoto, kulia, kushoto,
mate yanamdondoka, maana ameshaisikia soksi mfukoni mwangu.

Ndani ya soksi mna punje tatu za karafuu.
Kabla ya kuzificha huwa nazinusa, kwa mazoea tu.
Kimya.
Harufu husikiwa, ndivyo tusemavyo,
basi mimi ni kiziwi wa pua
tangu homa ile iliyoniacha hai
ikaondoka na mlenda, na sabuni ya mche,
na shingo ya marehemu mke wangu
kwenye kanga zake nilizozitunza sandukuni.

Masharti alinipa mjukuu wangu Nyemo, kwa simu, akicheka:
Babu, usinyooshe kidole.
Usitazame ulipoficha, atasoma macho yako aache kusoma upepo.
Akipata, mlipe hapo hapo, si kesho.
(Kesho naijua. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na moja.)

Tulianza na makopo matatu ya rangi,
tukaja kwenye maboksi, kisha uani kote:
matairi, ndoo, mzabibu mmoja uliogoma kuzaa,
tofali za chumba ambacho sitakijenga.
Jirani Mpilimi akachungulia juu ya ukuta:
"Mbwa wa wenzio wanalinda mbuzi.
Wako anatafuta viungo vya pilau?"
Nikamjibu: Anatafuta.

Tazama anavyofanya.
Hakurupuki. Anaukata uwanja mshazari
kama mtu anayesaka namba ya nyumba mtaa asioujua,
halafu kichwa kinageuka ghafla, mwili bado unakwenda mbele,
kama aliyeitwa jina kwa mnong'ono.
Harufu haikai ilipowekwa. Inateleza,
inajikusanya kwenye kona ya choo,
jua likichoma inapanda ukuta, jioni inashuka.
Haya sikufundishwa na mtu.
Nimeyasoma kwenye mgongo wake.

Siku moja alilala mbele ya gunia la pumba.
Hapana, nikamwambia. Tafuta.
Akazunguka, akarudi, akalala palepale.
Hapana!
Mara ya tatu alinitazama kama wateja wangu wa zamani,
wale wenye risiti mkononi.
Nikainua gunia. Soksi hii hapa.
Asubuhi niliihamisha wakati nafagia, nikasahau.
Nikamwomba radhi, kwa sauti. Mpilimi alisikia.
Vipande viwili vya ini kavu, na kingine cha fidia.

Jana, Desemba hii iliyopasua ardhi mpaka vidole vya mtoto vinaingia,
nilificha, nikasema Tafuta.
Akaenda hatua sita, akaacha.
Akasimama katikati ya ua, soksi kaipa mgongo,
pua juu, upande wa Ihumwa,
inagonga-gonga hewa kama muhuri siku ya barua nyingi.
Mbingu nyeupe, tupu.
Kidole changu kilitaka kunyooka. Nikakitia mfukoni.
Hapana ilishafika ulimini. Nikaimeza.

Tulikaa hivyo mpaka tone la kwanza lilipogonga bati,
la pili likanigonga kwenye paji,
kisha vumbi la ua mzima likaanza kuruka
kama bisi kwenye sufuria isiyo na mfuniko.
Mpilimi alitoka na beseni, akasimama bila kulitega,
macho kafumba, anavuta pumzi ndefu.
"Unaisikia hiyo, mzee? Unaisikia?"

Mimi nilikuwa nazitazama mbavu za Stempu,
zinajaa, zinapungua, zinajaa,
nikampa ini lote lililobaki.

Karafuu bado iko kule.
Chini ya debe, nadhani.