Moja, Tatu, Nne, Mbili

Umeme ulipokatika Nkuhungu nzima
nilifungua boneti bila tochi.
"Waya mbovu hujitaja gizani," fundi Chilewa aliniambia,
akitaka kunichaji elfu ishirini ya ufundi.
Nyemo akapiga stata.
Na kweli: kando ya distributa
cheche ya buluu ikachomoka ubavuni mwa waya,
ndogo, kama mwizi anayewasha kiberiti
aone ameshika nini.

Wiki tatu pikapu inakohoa ikipanda kutoka Hombolo,
makreti ya zabibu yakitetemeka nyuma
hadi juisi inachora mstari barabarani
na nyuki wanatusindikiza.

Asubuhi nikashuka Majengo kununua seti.
Upepo ulikuwa ule wa Agosti,
unaokujaza mchanga mdomoni ukisema tu "shikamoo".
"Chomoa moja, vika moja," Chilewa alionya.
"Usizing'oe zote kwa mpigo, utakuja kulia."

Nikazing'oa zote kwa mpigo.

Nyaya nne juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mpira umepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Mpya nikazivika nilivyofunzwa darasa la kwanza:
moja, mbili, tatu, nne.
Injini ikapiga chafya.
Ekzosi ikalipuka, kuku wa mama Mwendwa wakaruka ua,
watoto wa jirani wakacheka hadi wakakaa chini.

Nilimpigia Chilewa. Hakuuliza kitu.
"Moja, tatu, nne, mbili," akasema, akakata.

Moja, tatu, nne, mbili.
Nikasimama na spana mkononi.
Hivyo hivyo tulivyozungumza baada ya matanga ya baba:
Lechipya, kifungua mimba, akafungua kikao,
wa tatu akadai shamba la mizabibu,
kitinda mimba akalia, akapewa ng'ombe,
ndipo mimi wa pili nikakumbukwa, chai imeshapoa:
"Na wewe je?"
Nikasema nitachukua pikapu.
Hakuna aliyebisha. Ilikuwa haiwaki.

Nikainama tena bonetini.
Waya wa silinda ya pili nikauweka mwisho,
nikausukuma hadi kofia yake ikabana shingo ya plagi,
*tk*,
sauti ya mtu aliyekubali bila kufurahi.

Nyemo akapiga.
Haikunguruma. Ilitulia tu,
kama uji wa uwele uliopata moto wa kiasi,
na glasi ya maji niliyoiweka juu ya mudgadi
ikatetemeka kidogo, haikumwagika.

Jioni nikamtumia Chilewa elfu nne,
elfu moja kwa kila namba.
Nyaya tatu za zamani Nyemo amezificha, sijui za nini.
Ule uliokuwa ukivuja
nimeufungia mlango wa banda la kuku.
Unashika vizuri.