Kifuniko cha Tanuri

Mwezi wa tano sasa tunaandika upya programu
ya milango ya maji, bwawa la juu ya Kutaisi.
Mistari elfu arubaini, na mingine
iliandikwa na mtu aliyekwisha kufa
ambaye hakuacha maelezo, ila neno moja: "Subiri."

Mlango wa nne unasema uongo.
Kihisio chake kinaripoti maji yamepanda
usiku ambao mto umelala chali, koo limeukauka.

Mimi nina desturi. Kila saa moja na nusu
nachana kipande cha karatasi, naandika nilipofika,
si jibu, swali tu, tena nusu yake:
"nani anagusa namba hii kabla ya"
nalikata hapo, nalibandika kwenye kioo cha kompyuta,
navaa koti. Simu naiacha mezani, kifudifudi,
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Ngazi sitini na mbili. Kichochoro cha mafundi viatu.
Kisha duka la mkate la Zauri:
tanuri la udongo, la duara, limezama sakafuni kama kisima,
naye anainama humo mpaka kiunoni, miguu inaelea,
abandike unga ukutani kwa kiganja
na atoke kabla moto haujamjua jina.

Kati ya mkupuo na mkupuo hukaa juu ya ndoo.
Hafanyi kitu. Hafanyi kitu kwa bidii.
Mdomo wa tanuri ameufunika nusu.
"Nikilifunika lote," aliwahi kuniambia, "linakabwa na moshi.
Nikiliacha wazi lote, kuni za asubuhi zimekwenda bure.
Nusu, Lamara. Nusu."

Gocha hanyanyuki kitini. Anasema anayenyanyuka hupoa.
Anakunywa kahawa iliyolala, anafikicha macho,
anaandika saa kumi na nne mfululizo
kama anayetwanga maji kwenye kinu.
Sikumsema. Pumziko limo ndani ya pumzi,
na pumzi ya mtu huivuti kwa niaba yake.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, akabadilisha alama moja,
jumlisha ikawa toa, tukaijaribu kwenye modeli,
ile ya mabati na plastiki iliyo kwenye kona ya maabara,
na mlango wa nne, mdogo kama kitabu, ukafunguka wote.
Maji yakatufika kwenye vifundo.
Alizitazama soksi zake muda mrefu.
Kisha akavaa koti.

Zauri akatukatia mkate mmoja, mrefu, wenye ncha mbili.
Tuliula wima, mlangoni, unachoma vidole.
Hakuna aliyetaja kazi. Mvua nyembamba.
Mbwa alipita na shughuli zake.
Gocha akasema, "Nilisahau kuwa mkate una chumvi."

Usidhani tulirudi na jibu.
Tulirudi na makombo, tukapiga deki,
na mlango wa nne ukaendelea kudanganya hadi Jumanne.
Lakini nilipofika mezani
karatasi yangu ilikuwa bado kwenye kioo,
nusu sentensi, mdomo wazi nusu,
joto lake halijatoka;
na saa moja na nusu baadaye, nilipotoka tena nikarudi,
nikakuta kiti cha Gocha kitupu, kimegeukia dirisha,
na kwenye kioo chake kipande cha karatasi,
mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu,
swali lililokatwa katikati, na chini yake:
"Narudi."