Simu ya Kabatini

Muhula uliopita niliichukua mimi mwenyewe
ndani ya soksi ya Anyosisye, kidato cha pili B,
ikitetemeka kama panya mguuni.
Fimbo tatu. Jina kwenye daftari la mkuu.
Plasta nyeupe mgongoni mwa simu: A. Mwakalobo.
Kisha kabati la chuma, pamoja na nyingine kumi na moja,
na kufuli ambalo ufunguo wake hulala mfukoni mwa Mwalimu Kayange.

Leo Jumanne, kipindi cha usomaji wa ramani,
na ramani yetu ya ukutani imeliwa na unyevu
kuanzia Chunya hadi Ziwa Rukwa.
Ukungu umekaa madirishani
kama mgeni asiyeambiwa karibu wala kwaheri.
Mlima Rungwe hauonekani.
Simu yangu ilizama juzi katika ndoo ya maziwa; tusiongelee.

Nikaenda kwa mkuu, nikajikuna kisogo.
"Naomba moja. Ya kufundishia."
Akanitazama kama aliyeombwa bia saa tatu asubuhi.
"Saini hapa. Na hapa. Kengele ikilia, iwe imerudi."

Basi nikasimama mbele ya watoto hamsini na wanane
na simu ya mtoto niliyemchapa,
na sikujua kuifungua.
"Paswedi?" Darasa zima likatazama dari.
Anyosisye akaja taratibu, akachora kwa kidole
alama nisiyoifuata,
akawasha data, akapanda dawati la dirishani
ambako mtandao hupita kama jogoo wa jirani:
hauitwi, unaviziwa.

Ukaja. Kwanza Afrika, kijani na kahawia,
kisha Ziwa Nyasa, refu kama kovu,
kisha Tukuyu, kisha mabati.
Nikasema: hii ni picha ya setilaiti, andikeni.
Hakuna aliyeandika.
"Lile soko!" "Yale mashamba ya chai!"
"Mwalimu, mbona kwetu ni doa tu?"
Tusekile akagusa kioo, kioo kikakataa;
vidole vyake vina sugu za kuchuma chai.
Akavipuliza, akavifuta kwa sketi, akagusa tena,
kikakataa tena.
Akatumia kifundo. Kikakubali.
Hilo halimo kwenye andalio langu la somo.

Walipita watano watano, nusu dakika kila kundi,
mimi nikipima kwa saa ya mkono,
nikisema kipimio, nikisema kaskazini.
Zamu ya mwisho ilikuwa ya mwenye simu.

Hakutafuta. Kidole kilijua njia:
daraja, kona ya kanisa la Moraviani, miparachichi miwili,
ua wao. Na uani, imeegeshwa kinyumenyume,
Fuso ya bluu.

Darasa likanyamaza, maana Fuso ile kila mtu anaijua.
Ndiyo iliyopakia maparachichi kwenda Makambako,
ikaanza kushuka Mlima Nyoka, haikufika chini.
"Picha ni ya zamani," akasema, si kwangu,
kwa sauti ya mtu anayefafanua ramani.
"Oneni kivuli kilivyolala. Ni asubuhi.
Baba bado hajaondoka."

Ndipo nikaielewa ile soksi.
Nikatafuta la kusema, nikapata hili tu:
"Kivuli kikilala magharibi, jua liko wapi?"
"Mashariki," wakajibu, wengi kwa kunong'ona.

Kengele ikalia. Nikavuka uwanja wa matope,
simu ndani ya koti,
nikasaini: imerudi, saa nne na dakika kumi, hali nzuri.
Mkuu akafunga kabati bila kutazama.
Sikumwambia kwamba sikuizima,
wala kwamba mwenyewe alikipanga kioo kisisinzie.
Chaji ilibaki asilimia tisa.
Mle gizani, kati ya simu kumi na moja zilizokufa,
ua ule ukaendelea kuwaka kidogo,
asubuhi, na Fuso bado haijawashwa.