Maagizo Kabla ya Kwenda Bugando

Sayi, mvua zimekata tangu wiki ya jana.
Nyuki wameshaanza kuhesabu walichoweka,
na mimi Jumatatu napanda gari la Bugando
wakaniondolee huu ukungu wa machoni.
Kaa hapa juu ya jabali. Weka kalamu chini.
Haya hayaandikwi, yanabebwa.

Anza na mzinga wa kwanza, wenye mlango wa bluu.
Usiufungue. Unyanyue kitako kwa mkono mmoja,
taratibu, kama unavyompima mbuzi mnadani
kabla hujataja bei.
Ukikugomea, shukuru, pita.
Ukija mwepesi kama ungo, hapo pana njaa,
na njaa ya nyuki haina kelele:
asubuhi moja unakuta wamehama,
wamekuachia mbao na harufu.

Wa tatu wana hasira. Washa bomba
kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe, si matambara;
matambara yananuka dukani, hawayapendi.
Moshi kidogo tu.
Unabisha hodi, huchomi nyumba.

Masega mawili ya pembeni usiyaguse.
Machibya atakuja na pikipiki na ndoo zake,
atasema bei imepanda, mjini wanagombania,
atahesabu noti mbele yako, polepole,
kwa kidole kilicholowa mate.
Mwambie shangazi kaondoka na ufunguo.
Mizinga haina kufuli, anajua,
lakini ni mtu mzima, ataelewa amekataliwa.

Mwaka juzi mimi nilimuuzia yote.
Ilikuwa ada ya Holo, kidato cha tatu,
nikasema nyuki watajitafutia, si wana mbawa?
Agosti nikawakuta chini ya mlango,
wakavu kama maganda ya choroko.
Niliwafagia. Holo alifaulu.
Hesabu ile mpaka leo sijui
naiandika upande gani wa daftari.

Waya za kuning'inizia zipake oili chafu, kila Ijumaa,
la sivyo sisimizi watapanda usiku, mstari mmoja,
kama watu waliotumwa.
Milango izibe kwa udongo wa kichuguu,
acha upenyo wa kidole gumba.
Na nyegere akija, mwache aondoke mwenyewe.
Usijifanye mwanaume kwa nyegere.

Maji. Ziwa lote lile unaliona pale chini,
mpaka Kayenze, mpaka macho yachoke,
na nyuki wangu wanakufa kiu hapa juu,
maana upepo wa mchana unawaangusha majini.
Basi kila asubuhi beseni moja, kivulini,
mawe madogo ndani, na vikonyo vya magugu maji
wapate pa kusimama.
Angalau magugu yale yawe na kazi.

Wa tano nina wasiwasi nao.
Tega sikio ubaoni jioni, wakishaingia wote.
Wenye malkia wananguruma sawasawa,
kama mashine ya kusaga iliyo kijiji cha pili.
Waliofiwa sauti yao inapanda, inakatika, inapanda.
Ukisikia hivyo usinipigie simu.
Waunganishe na wa nne, weka gazeti katikati,
walitafune wenyewe mpaka wazoeane.
Ndoa nyingi zingehitaji gazeti.

Usinicheke. Nimeshindwa kuona mayai tangu Novemba,
na hakuna aliyegundua, hata wewe,
uliyekuwa ukinishikia ndoo.

Daktari anasema siku wakinifungua bandeji
nitaona kila kitu, mpaka uchafu wa kuta zangu.
Sawa. Nitaona ziwa, nitakuona ndevu zako.
Lakini nikifika hapa, kabla sijatazama chochote,
nitainama kwenye mlango wa bluu,
nitanyanyua kwa mkono mmoja,
na nitajua kama Machibya alikuja.