Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Vitabu vya Daktari Kendi ni vitatu.
Cha kwanza chembamba, jalada la samawati.
Cha pili kinene kama tofali la Kakuyuni.
Cha tatu nimekinunua juzi, elfu mbili na mia nne,
mke wangu akauliza: kina mapishi?

Sikumjibu. Nilikuwa natafuta ukurasa.

Huandika vizuri, sikatai.
Huandika juu ya mikono iliyoua
bila kuikata vidole.
Kitabu cha kwanza chauliza kwa nini kijana
achome nyumba aliyozaliwa, kisha ashike ndoo kuizima.
Cha pili ni cha mashahidi,
jicho linavyoapa liliona shati jekundu
pale palipokuwa na damu tu.

Cha tatu ni cha kina mama.
Humo nimo.

Mkalimani wa mahakama ya Malindi, daraja la pili,
kiti cha plastiki, chumba cha gereza kisicho na feni,
nikichukua Kigiriama huku, nikikipeleka Kizungu kule
kama mtu wa mkokoteni:
mzigo si wangu, njia si yangu,
jasho tu ndilo langu.

Kitabuni anaitwa Bi. S.
Mimi namjua kwa jina zima, Sidi wa Karisa Baya,
kibarua wa mashamba ya chumvi, Gongoni,
visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi.
Mtoto alikuwa wa miezi saba.
Usiku ule ulifanya nini? aliulizwa.
Akajibu neno moja, ambalo kwa Kiswahili chetu
ni ndugu tumbo moja:

Nilimlaza.

Mama humlaza mwanawe kila usiku.
Daktari wa wodi humlaza mgonjwa.
Na sisi tukishuka kaburini
twamlaza maiti wetu, ubavu wa kulia.
Neno moja, milango mitatu,
nami nilikuwa na njaa, saa saba na robo,
nikafungua ulio karibu.

"Mshukiwa alieleza, sauti isitikisike,
kwamba alimnyamazisha mtoto."

Kumnyamazisha. Neno hilo ni langu.
Juu yake daktari amejenga sura nzima,
na ng'ambo, nasikia, wasomi wanainukuu.
Chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kupitia mkalimani.

Sauti haikutikisika, kweli.
Lakini kidole gumba kilikuwa kinasugua pindo la leso
polepole, mbele na nyuma, mbele na nyuma,
kama anayebembeleza.
Hilo halina tafsiri.
Wala sikuulizwa.

Na huenda nilipatia.
Hapo ndipo usingizi unaponiruka:
huenda mlango nilioufungua kwa njaa
ndio huohuo alioingilia.

Nimechukua penseli. Pembezoni nimeandika: alimlaza.
Nakala moja imesahihishwa.
Nyingine ziko madukani, ziko kwa mahakimu,
kwenye mikoba ya wanafunzi wenye mtihani kesho.
Barua kwa daktari niliianza mara nne.
Nimefika "Kwako Daktari, salamu."

Usiku mjukuu amelia, nikambeba,
nikazunguka naye ua mzima mpaka shingo ikalegea.
Mke wangu akaita kutoka jikoni:
umeshamlaza?

Nimesimama na mtoto begani.

Amelala, nikasema.
Amelala mwenyewe.