Uniti Sita

Mama hakuacha kuni kwa kupenda.
Moshi ndio uliomchongea:
ulipanda juu ya mikorosho ya Kitangari
ukanyoosha kidole, hapa, hapa,
mgambo wakaja bila kuuliza njia.
Walimwaga pipa la mabibo uani,
kuku wakala, jogoo akawika saa nane mchana,
na mama akalala siku mbili mahabusu Newala.

Aliporudi akamwita fundi Mchopa.
Fundi akaja na hita ya kuchovya,
koili nene kama kidole gumba,
wati elfu mbili, na maandishi ya Kichina.
"Huyu hatoi moshi, mama Adia.
Huyu anakula tu."

Anakula.
Nilikuwa kidato cha pili, tumefika kwenye nishati.
Nikachukua mkaa nikaandika ukutani:
kilowati mbili, mara saa tatu,
uniti sita.
Mama akatazama jibu, akasonya.
"Kumbe shule mnafundishwa kuhesabu hasara."

Mita yetu moja, vyumba vinne.
Kijitaa chake chekundu hukonyeza polepole
kama mtu anayesinzia kwenye hotuba;
hita ikichomekwa kinapapatika,
jicho lililoingiwa na pilipili.
Mwalimu Likwata akatoka, taulo begani:
"Nani anapiga pasi usiku huu?"
Tukanyamaza. Uraka ndani ya pipa
ukamjibu: bwata, bwata, bwata.
Harufu ikapita chini ya mlango.
Akavuta pumzi ndefu, akarudi kulala.
Kesho yake chupa ndogo ilihamia chumbani kwake.
Nayo niliiandika ukutani, kwenye gharama,
chini ya ndoo nne za maji ya kupoozea bomba,
maji ambayo Newala hayajawahi kuwa ya bure.

Mwezi ulipovuka uniti sabini na tano
tukaondolewa kwenye bei ya wanyonge.
"Nimetajirika lini?" mama akauliza,
akiishika tokeni kama barua ya msiba.

Usiku mmoja umeme ukakatika
tone la kwanza likining'inia mdomoni mwa bomba.
Gesi iko Msimbati, chini ya mchanga wetu wenyewe,
sisi tumekaa gizani na pipa linapoa.
Mama akaweka kiganja ubavuni mwa pipa
kama anayepima homa ya mtoto.
Hakusema neno. Tone halikudondoka.

Msimu ulipokwisha nikajumlisha.
Kuni: elfu mbili kila mpiko.
Umeme: elfu mbili na mia moja.
"Mama, tunapoteza mia."

Alikuwa anasuuza bomba.
Akanigeukia, na macho yake,
mekundu tangu nizaliwe,
yalikuwa meupe; sikuyazoea,
nikadhani ananikasirikia.
"Mia," akasema. "Andika: ya macho."

Nikaandika.
Chokaa imepita pale mara mbili.
Mkaa bado unaonekana.