Nondo Huwekwa Chini

Eliseo, lete pimamaji. Hapana, ile ndefu.
Hapa Huaytará upepo wa mchana hukausha zege
kabla halijajua limekuwa nini,
kwa hiyo tunafunga nondo jioni, tunamwaga alfajiri,
na mbwa wa mjane Griselda analala ndani ya boksi la mbao
kana kwamba tumemjengea yeye.

Dirisha analolitaka ni mita moja na themanini.
"Nataka kuona barabara," anasema, "yote, hadi kona ya daraja."
Nikamwambia: mama, kila sentimita unayoitazama
ni sentimita ambayo ukuta hauna miguu.
Akasema: basi upe mkono.

Ndiyo linta hiyo. Mkono.
Unaanza sentimita thelathini ndani ya ukuta wa kushoto,
unavuka pengo,
unaingia thelathini nyingine kulia.
Si kumi. Ukimshika mtu kwa ncha za vidole
humvushi mto.

Eliseo, wiki yake ya tatu kazini,
amefunga ringi sawasawa, waya umekazwa, koleo limemchubua;
kisha amelaza nondo nene juu, nyembamba chini.
Kwa nini? Anasema: mzigo unatoka juu.

Nachukua mche wa sabuni kwenye beseni la Griselda,
naulaza juu ya matofali mawili,
naubonyeza katikati kwa kidole gumba.
Tazama ufa unafungukia wapi.
Anainama. "Chini," anasema. "Tumboni."
Zege ukilikandamiza linakucheka.
Ukilivuta, ni hii sabuni.
Chuma kiende kule kunakouma.

(Griselda anaidai sabuni yake.)

Baba yangu naye alijua mzigo unatoka juu.
Aliweka gogo la mkaratusi juu ya mlango wetu,
nene kama paja,
akalipiga kofi kama ng'ombe aliyemnunua kwa bei nzuri.
Na shuleni tulifundishwa: ardhi ikitikisika,
simameni mlangoni.
Kaka yangu Nicanor alikuwa mtoto mtiifu.

Gogo halikuvunjika. Hilo ndilo huniamsha usiku.
Lilichomoka tu, zima, bila hata mkwaruzo,
kwa sababu ndani ya ukuta liliingia vidole vinne.
Baba alilipasua kuni. Tulilipikia baridi nzima.
Hakusema neno, nasi tukala.

Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hakuwahi kuwa linta.

Eliseo amekigeuza kichanja cha nondo bila kuambiwa mara ya pili.
Ameweka vijiwe chini yake ili chuma kisiguse mbao,
kisije kikapata kutu kwa kuona jua.
Alfajiri tunamwaga, ndoo kwa ndoo.
Anachomachoma kwa kipande cha nondo mpaka povu linyamaze.
Mbwa amefukuzwa. Amerudi. Ameacha unyayo mmoja kwenye kona,
nami nausawazisha kwa mwiko, halafu nauacha nusu.

"Mtaondoa lini hii miti?" anauliza Griselda.
Siku ishirini na moja, mama. Na maji asubuhi na jioni.
"Sikukuu ya Santiago ni wiki ijayo! Basi linaleta watu!"
Ishirini na moja.

Kwa hiyo ameburuta kiti chake hadi kwenye pengo lisilo na kioo,
blanketi magotini, kopo la maji miguuni,
na kati ya miti yetu mitatu ya kuegemezea
anaitazama barabara vipande vinne.